Nani Alimuua Mweka Hazina?

Kijana wa duka la steshenari alisoma ukurasa wa kwanza uliotoka kwenye mashine, akasoma wa pili, halafu akaninyanyulia macho. "Dada, hii ni ya polisi?"

Nikamwambia ni ya sherehe. Akaniangalia tena. Karatasi aliyoishika ilikuwa na herufi kubwa, NANI ALIMUUA MWEKA HAZINA?, na chini yake majina ya washukiwa saba, wote wa kamati ya harusi. Alinichapishia kurasa zote 22 bila kusema neno, akahesabu hela yake, na nilipokuwa natoka nikamsikia akimwambia mwenzake, "Hizi kamati za harusi zimefika pabaya."

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: unaalika watu nyumbani, kila mmoja unampa mtu wa kuigiza. Mmoja kati ya hao wa kuigizwa ameua, na kazi ya usiku huo ni kumfichua kabla watu hawajaaga. Hakuna jukwaa, hakuna mazoezi, hakuna maneno ya kukariri. Mnakula, mnahojiana, mnadanganyana kwa ruhusa. Mimi nilidhani ni jambo jepesi, kwa sababu sisi wa pwani kuhojiana tumezaliwa nako. Kumbe.

Mara ya kwanza niliaibika. Ilikuwa miaka miwili iliyopita, nilipakua mchezo uliokwisha andaliwa kutoka intaneti, wa Kiingereza, unaotokea kwenye jumba la bwana mkubwa wa Uingereza miaka ya 1920. Kulikuwa na mtumishi mkuu wa nyumba, shangazi mwenye lulu shingoni, na kijana aliyetoka kuwinda. Nikauchapisha vilevile ulivyo na kuwagawia wageni. Watu wakakaa kwenye makochi wakisoma kwa zamu kama darasa la nne, kidole kwenye mstari. Rafiki yangu anayefanya kazi benki, aliyepewa yule shangazi wa lulu, alisoma kadi yake hadi mwisho, akageuza nyuma, akaniuliza kwa upole, "Huyu mama, hasa hasa, shughuli yake ni nini?" Sikuwa na jibu. Kufika saa 3 usiku wote walikuwa wamerudi kwenye mada ya kodi za nyumba, na marehemu wa watu akabaki bila wa kumuulizia.

Baada ya aibu ile nikakaa kufuatilia michezo hii ilikotoka, na huko nikakutana na mtu ambaye nimempenda sana. Anthony Pratt alikuwa mpiga piano wa Birmingham. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa akipiga kwenye hoteli za mashambani, ambako wageni jioni walicheza michezo ya kuuana: mtu ananyatiwa kwenye ushoroba, anapiga ukelele, anaanguka. Vita ikaja, taa zikazimwa kwa hofu ya mabomu, naye akajikuta kiwandani akitengeneza vipuri vya vifaru. Zile jioni zilikwisha. Basi yeye na mkewe Elva wakazihamishia mezani. Yeye alibuni mchezo, mkewe akachora ubao, na tarehe 1 Desemba 1944 akapeleka maombi ya hataza, yaani haki ya mbunifu. Ndio Cluedo hiyo, mchezo wa mezani wa kumsaka muuaji. Kampuni ya Waddingtons ya Leeds iliukubali, lakini malighafi baada ya vita zilikuwa za shida, ukaingia madukani 1949.

Ubao wa mchezo ule una washukiwa 6, silaha 6 na vyumba 9. Zidisha, unapata majibu 324 yanayowezekana. Vyumba tisa! Kuna cha biliadi, kuna cha kuchezea dansi, kuna banda la vioo la kutunzia maua. Mimi nina sebule, vyumba viwili na jiko ambalo ukifungua friji mlango wa nyuma haufunguki.

Lakini si hesabu yake iliyonikaa kichwani. Pratt hakuwa anabuni ulimwengu wa ajabu. Kanali mstaafu, mchungaji, mwanamke mrembo mwenye macho ya chini, maktaba yenye mahali pa moto: hao ni watu aliowapigia piano, na nyumba ni zile alizozijua. Mwingereza wa wakati ule ukimwambia tu kwamba kanali na mchungaji wamekaa meza moja, ameshaanza kutabasamu kabla hajaambiwa nani kafa. Mimi nilikuwa nimewapa watu wa Tabata kanali ambaye hawakuwahi kudaiana naye.

Sasa, sisi watu wanaojuana nusunusu, wenye fedha katikati na tabasamu usoni, huwa tunakutana wapi? Jibu lilinijia nikiwa nimekaa kwenye kikao cha harusi ya mfanyakazi mwenzangu, saa ya pili ya kikao, mwenyekiti akisoma orodha ya ahadi ambazo hazijalipwa. Nikatazama nyuso zile. Kila mmoja pale alikuwa na sababu.

Nikarudi nyumbani nikaandika. Mweka hazina wa kamati amekutwa amekufa stoo ya ukumbi, siku 3 kabla ya harusi, kando yake glasi ya juisi ya ukwaju na daftari la michango lililochanwa ukurasa. Washukiwa: katibu, naibu mweka hazina, MC, mpishi, mpiga picha, mpambaji, na mama mmoja nikamwita Mama Sare, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kununua vitenge. Sumu niliichagua kwa uvivu tu, maana haitaki damu wala jeraha la kueleza.

Kila kadi niliipa mambo manne. Wewe ni nani. Unajua nini kuhusu wenzako wawili. Unaficha nini. Na la nne, ambalo ningemshauri yeyote asilisahau: unataka kupata nini kabla usiku haujaisha, kitu ambacho hakihusiani na mauaji hata kidogo. MC anataka alipwe nusu iliyobaki. Mpiga picha anatafuta mtu wa kumkopesha betri. Mama Sare amebakiwa na vitenge vinne ambavyo havina mwenyewe na lazima avisukume. Mtu mwenye haja haketi. Mara ya kwanza wageni walikaa kwa sababu nilikuwa nimewapa siri bila haja, na mtu mwenye siri tu kazi yake ni kunyamaza.

Kuhusu uongo niliweka sheria moja: muuaji peke yake ndiye anaruhusiwa kudanganya. Wengine wanaweza kukwepa, kugeuza maneno, kukohoa, kwenda msalani, lakini ukiulizwa jambo lile lile mara mbili uso kwa uso, unasema kweli. Wako wanaopenda muuaji mwenyewe asijijue mpaka mwisho, afungue bahasha pamoja na wengine. Mimi hapana. Kama mtu hajui kuwa ana kosa, anachokifanya ni kukaa tu.

Na kidokezo chochote cha lazima nilikiweka mahali patatu. Muuaji wangu alikuwa mpambaji, aliyechukua malipo ya awali mara mbili kwa risiti mbili zenye namba ile ile, mweka hazina akaligundua, akatishia kulisema kikaoni. Kwa hiyo risiti mbili, ya kwanza kwenye daftari, ya pili kwa katibu. Picha ya kikao yenye kiti kimoja kitupu. Ua la plastiki la waridi sakafuni stoo. Nilijiona nimezidisha. Jioni ile mpwa wangu wa miaka 5 aliichukua risiti ya pili akakunja ndege, na ndege ikaruka dirishani ikaenda kwa jirani. Usibane vidokezo.

Kikwazo kikubwa alikuwa Mama. Hiyo ni nyumba yake, mimi nakaa tu na kulipa umeme. Nilipomweleza kwamba kutakuwa na marehemu, akaacha kuchambua mchele.

"Marehemu gani?"

"Wa mchezo, Mama."

"Hilo neno haliitwi ndani ya nyumba usiku."

Tulijadiliana siku mbili. Nilikuwa nimepanga mtu alale sebuleni amefunikwa shuka, jambo ambalo sasa nikiliandika naliona lilivyo la kipuuzi. Mama akakataa katakata. Ndani ya nyumba yake hakuna mzima atakayelala chini akafunikwa. Mwafaka ukawa jozi ya viatu vya marehemu baba wa kwenye kadi (sio baba yangu, Mama alitaka hilo lieleweke na wote), mkoba wake, na daftari, juu ya kiti kilichoachwa wazi. Nami nakiri kile kiti kilifanya kazi kuliko shuka lolote. Watu walikuwa wakikizunguka. Hakuna aliyekikalia usiku kucha, hata viti vilipopungua.

Mwaliko ulisema saa 12 jioni. Wageni walianza kuingia saa 1 na robo. MC wangu aliniambia kwa simu yupo njiani, na nyuma ya sauti yake nikasikia maji yakimwagika bafuni. Walioalikwa saba wa kuigiza, waliofika kumi, kwa sababu mtu wetu hatembei peke yake. Hilo nililitegemea, nikawa nimeandika nafasi ya ziada inayoitwa Mwenye Ahadi: mjumbe aliyeahidi mchango mbele za watu na hajatoa mpaka leo. Hao hawana kikomo, unaweza kuweka hata kumi na watano, na kila mmoja atajua la kusema bila kusoma kadi. Muuaji naye nilimpa shemeji, mume wa dada yangu, kwa sababu dada alikuwa nyumbani tangu asubuhi akipika pilau, na mume asingekosa kulifuata. Huo ndio ushauri wangu wa dhati kuhusu muuaji. Mpe mtu ambaye lazima aje.

Shemeji ni fundi wa magari makubwa. Kwa siku anaweza kusema maneno arobaini, mengi yakiwa "leta" na "shika". Kumwona amekaa na utepe wa waridi begani, amejitambulisha kwa kadi kuwa mpambaji wa maharusi, ilitosha kuwa burudani ya usiku mzima.

Tulianza karibu saa 2. Mpiga picha ndiye aliyetakiwa kuugundua mwili, na nilimwambia asihofu, apige kelele kidogo. Akapiga. Si kidogo. "Uwiiii! Mweka hazina amekufa jamani!" Sikuwa nimemwambia jirani.

Haikupita dakika mbili mlango ukafunguka, mama wa nyumba ya pili kaingia mbio, khanga kiunoni, nyingine kichwani, mkono kifuani. "Nani? Nani amekufa?"

"Mweka hazina," nikasema, akili imenihama.

"Wa kikoba chetu?"

Ilituchukua muda kumtuliza, kwa sababu ndani ya dakika ile moja alikuwa ameshakumbuka hisa zake zote. Alipoelewa ni mchezo alikaa, akavuta pumzi, akatutukana kidogo, halafu akaomba naye apewe kadi. Akawa Mwenye Ahadi wa nne. Saa moja baadaye Mama Sare wangu, yule wa benki, alikuwa amemuuzia kitenge kwa 15,000 taslimu. Kitenge kilikuwa changu, nilikiazimisha kama kifaa cha mchezo. Sijakiona tena.

Mchezo ulichangamka mahali ambapo sikuwa nimepapanga. Nilidhani watahojiana sebuleni, kumbe watu walikuwa wanaingia jikoni mmoja mmoja. Anakwenda kuomba maji, anabaki. Mama alikataa kucheza, lakini yeye ndiye aliyekuwa akisimuliwa kila kitu. Mpishi (kaka yangu) alimkiri kuwa kadi yake inasema ameiba kilo sita za nyama, na Mama akamjibu bila kugeuka, "Kwani hilo ni la kwenye kadi?" Jagi la ukwaju nililoliweka mezani lilirudi jikoni limejaa mpaka juu. Hakuna aliyeligusa. Mama alisikitika sana, maana aliukamua mwenyewe.

Mpelelezi alikuwa baba mdogo. Ni mwalimu mstaafu na mpenzi wa Bwana Msa tangu ujana wake, yule mpelelezi wa Unguja aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla, ambaye hadithi yake ya kwanza ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957–58. Baba mdogo hajavuta sigara maisha yake yote, lakini alikuja na kiko, kama Bwana Msa wake. Alikitoa wapi hasemi. Alikaa pembeni saa nzima na kiko kitupu mdomoni, macho nusu yamefumba, kila mtu akipita anamwangalia kwa wasiwasi. Nikajisemea, huyu kashajua. Alikuwa na ile risiti iliyobaki mkononi, ua la waridi liko mezani mbele yake, na shemeji amekaa hatua mbili kutoka kwake na utepe wa waridi begani.

Kufika saa 4 alisimama, akagonga kiko kwenye kiganja, sebule ikanyamaza. Alianza mbali. Alizungumza juu ya tamaa, juu ya amana, akatia methali tatu. Kisha akageuka polepole na kumwelekea binamu yangu, aliyekuwa akiigiza naibu mweka hazina.

"Fedha ya harusi," akasema, "ilikuwa mkononi mwa nani?"

Hapa nieleze jambo ambalo mimi nililisahau, na sikupaswa kulisahau. Binamu huyu nilimpa nafasi ile kwa kuwa ni hodari wa hesabu. Na kwa kuwa ni hodari wa hesabu, miaka minne iliyopita ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kweli wa harusi ya kaka yangu. Na baada ya harusi ile kulikuwa na minong'ono. Hakuna aliyesema kitu mbele yake, lakini kuna 380,000 iliyotoka bila maelezo, na tangu hapo hajawahi kuombwa kuwa kwenye kamati yoyote ya ukoo. Nusu ya watu waliokuwa sebuleni kwangu walikuwa kwenye kamati ile.

Nilihisi ukimya ukibadilika. Ukimya wa mchezo una kucheka ndani yake. Huu haukuwa nao. Dada alisimama mlangoni na sahani. Binamu alikibandua kile kikaratasi cha jina kifuani, taratibu, asichane nguo.

"Baba," akasema, "unaniuliza mimi wa kwenye kadi, au mimi mwenyewe?"

Baba mdogo akatoa kiko mdomoni. Nadhani ndipo na yeye alipokumbuka. Ningependa kusema nilifanya jambo la busara hapo kama mwenyeji. Nilichofanya ni kuuliza kama kuna anayetaka kachumbari.

"Ilikuwa keki," binamu akasema. Hakumwangalia baba mdogo, alimwangalia wifi yangu, yaani bibi harusi mwenyewe, aliyekuwa amekaa na kadi ya katibu mapajani. "Keki yako ilianguka. Ya ngazi tano. Muokaji aliiweka kwenye gari, gari likapiga tuta, saa 9 mchana. Nikanunua nyingine. Nilikuwa nasubiri siku nzuri ya kukwambia."

Wifi alikaa kimya kidogo. "Ile tuliyolishana haikuwa ile niliyoichagua?"

"Ile ilikuwa ya pili."

"Mimi nilisema ina zabibu! Si nilikwambia?" akamgeukia kaka yangu. "Nilikwambia mimi sikuagiza zabibu, ukasema nimechoka!"

"Na ya kwanza je?" akauliza jirani yetu, ambaye hakuwa anamfahamu yeyote kati yao, lakini alikuwa amesogea mbele ya kiti.

"Tuliila," binamu akasema. "Mimi na vijana wa viti. Nyuma ya gari, kwa mikono. Ilikuwa nzuri sana, nisiwadanganye."

Hapo ndipo sebule ilipopasuka. Sijui nani alianza. Wifi alicheka mpaka akashika mbavu, akawa anamnyooshea kidole binamu bila kuweza kusema, na binamu akacheka huku anajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na nafikiri si machozi yote yaliyokuwa ya kicheko. Baba mdogo alienda kukaa karibu naye. Sikusikia alichomwambia. Kiko alikiweka mfukoni na hakukitoa tena.

Mchezo ukaishia pale. Hakuna aliyeuliza tena habari za marehemu. Watu walikula pilau, wakatoa picha za harusi ile kwenye simu, wakaikuza keki kutafuta zabibu. MC wangu alifika saa 4 na nusu, akiwa ameoga vizuri, akataka kujua amekufa nani, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumweleza. Mama alitoka jikoni, akavichukua vile viatu kwenye kiti, akavirudisha chumbani, kisha akakaa yeye.

Saa 6 kasoro dada na mumewe wakaaga. Nikawasindikiza hadi mlangoni. Dada alitangulia na mabakuli, shemeji akainama kuvaa viatu. Alikifunga kamba kimoja, akakifunga cha pili, bado ana utepe begani.

"Shem," akasema, "ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyemuua. Nilikuwa nasubiri mniulize." Akanyoosha mgongo, akautoa utepe, akaukunja vizuri na kunikabidhi. "Pilau lilikuwa zuri."